Kutoa Upepo Katika Breki za Gari Bila Msaidizi

Gari linaloshuka kutoka lango la Marangu la Hifadhi ya Kilimanjaro, lililo zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hadi Moshi mjini, hupoteza kimo cha mita 900 hivi. Tuseme gari hilo lina uzito wa kilo 1,500. Nishati inayoachiliwa katika mteremko huo ni jouli milioni 13 na zaidi, nayo ingetosha kuchemsha takriban lita 40 za maji baridi. Sehemu yake huchukuliwa na upepo, na matairi na injini. Iliyobaki yote hugeuka kuwa joto katika breki. Kwa hiyo mwenye gari anayeishi Mwika, Kibosho au Rombo ana haja ya kuyafahamu mafuta ya breki kuliko mwenzake wa kule Kahe kwenye tambarare.

Breki za mafuta hufuata kanuni iliyoelezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17: kanieneo, yaani nguvu inayobana kila eneo la umajimaji uliofungiwa, huenea sawasawa pande zote. Dereva akanyagapo pedali, pistoni ya silinda kuu husukuma mafuta, na mafuta husukuma pistoni za magurudumuni. Lakini hewa, tofauti na mafuta, hubanika. Pistoni yenye kipenyo cha sentimeta 2 ikisogea sentimeta 3 husukuma sentimeta za ujazo 9 tu. Povu la hewa la sentimeta za ujazo 4 likiwamo bombani, karibu nusu ya mwendo huo hupotea katika kulibana, na pedali hubonyea kama sifongo.

Hewa huingia wakati mabomba yanapofunguliwa, au mafuta yanapopungua mno katika kikopo chake. Upo pia mlango wa pili ambao wengi hawaufikirii. Mafuta ya kawaida ya breki hunyonya unyevu wa angani, na mvua za masika hazikosi unyevu. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za sentigredi. Yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango hicho chaweza kushuka hadi nyuzi 140. Kwa DOT 4 viwango ni 230 na 155. Mafuta yakichemka mteremkoni hutoa mvuke, nao hubanika kama hewa: pedali hushuka hadi sakafuni. Gari likisimama na kupoa, mvuke hurudi kuwa umajimaji na breki hufanya kazi tena. Fundi huikagua asubuhi yake, haoni kasoro, na dereva husadiki kwamba hatari imekwisha. Dawa ya hali hiyo ni kubadili mafuta yote.

Kwa desturi kazi hii huhitaji watu wawili: mmoja akanyage, mwingine afungue na kufunga skrubu ya kutolea upepo. Anayefanya peke yake hukabiliwa na tatizo moja kubwa: skrubu ikiwa wazi, pedali inaporudi juu huvuta hewa ileile iliyotoka. Lazima basi kitu kingine kishike nafasi ya msaidizi.

Kilicho rahisi kuliko vyote ni vali ya kutengeneza mwenyewe. Chukua mpira mwembamba unaopenya nuru, unaobana vizuri kwenye skrubu. Ziba ncha yake ya mwisho kwa kijiti au boliti, kisha karibu na ncha hiyo uchane ubavuni, kwa kufuata urefu wa mpira, mchano wa sentimeta 1 au 2 kwa wembe. Mafuta yakisukumwa, mchano hufunguka. Yakivutwa, midomo yake hujifunga. Zamisha ncha hiyo katika chupa yenye mafuta safi ya breki kidogo, na chupa uitundike juu kuliko skrubu ili mapovu yapande yenyewe. Isiwe chupa ya soda ambayo mtoto anaweza kuidhania kinywaji, kwa maana mafuta haya ni sumu. Wala usiyavute kwa mdomo.

Gari liwe mahali tambarare, magurudumu yamezuiwa kwa mawe, na likiinuliwa liegemezwe juu ya stendi imara, si jeki pekee. Baadhi ya pikapu zina vali inayopima mzigo wa nyuma. Kwa hizo, egemeza ekseli yenyewe, kwa kuwa magurudumu yakining'inia vali hupunguza mafuta yaendayo nyuma. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu. Huku kwetu usukani uko kulia, kwa hiyo mara nyingi hilo ni la nyuma kushoto. Vitabu vilivyoandikwa kwa magari ya usukani wa kushoto husema kinyume. Mabomba yaliyogawanywa kimshazari yana utaratibu wake, nayo magari yenye mtambo wa ABS huenda yakahitaji kifaa maalumu hewa ikishaingia mtamboni.

Weka kipande cha ubao chini ya pedali ili isifike mwisho, maana katika silinda kuu iliyochakaa mipira yaweza kukwaruzwa na kutu ya sehemu isiyozoea kupitiwa. Legeza skrubu nusu mzunguko, kanyaga taratibu, achia taratibu. Baada ya kukanyaga mara tano, ongeza mafuta kikoponi. Kikopo kikikauka, kazi yote inaanza upya. Mapovu yakiisha, funga skrubu kwa mkono mwepesi: ina tundu katikati na hukatika upesi.

Wengine huacha mafuta yadondoke kwa uzito wake. Njia hiyo ni ya polepole lakini salama. Pampu ya mkono ya kuvuta hewa ni ya haraka, ila hewa inayopenya kwenye hesi za skrubu hudanganya macho.

Kabla ya kuondoka, zima injini, kanyaga kwa nguvu na ushikilie nusu dakika. Pedali ikizama polepole na hakuna panapovuja, mipira ya silinda kuu imechoka, na kutoa upepo hakutaisaidia. Jaribu gari kwanza kwa mwendo mdogo mahali tambarare. Mafuta machafu yawekwe katika chombo chenye kifuniko na alama. Huchanganyika na maji kwa urahisi, kwa hiyo yasimwagwe karibu na mfongo unaomwagilia migomba ya jirani.