Mashati ya EPZ na ushuru wa Namanga

SWALI: Nina duka la nguo Arusha. Nikinunua mashati kwenye kiwanda cha EPZ (eneo la uzalishaji wa bidhaa za kuuza nje) kule Athi River, Kenya, si yatapita mpaka wa Namanga bila ushuru kwa kuwa ni ya Afrika Mashariki?

JIBU: La, ndugu yangu, na wengi hunaswa hapo. Kiwanda kiko Kenya, lakini kiforodha kinahesabiwa kuwa nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa sababu huingiza malighafi bila kulipa ushuru ili kiuze ng'ambo. Mashati yakija Arusha hutozwa ushuru kamili wa forodha wa pamoja wa Jumuiya, kisha VAT. Tena mauzo ndani ya Jumuiya yana kikomo: asilimia 20 ya uzalishaji wa mwaka. Kabla hujatoa hata senti, mwambie muuzaji akuonyeshe kibali chake cha kuuza ndani ya Jumuiya.