Uwanja wa bocce nyuma ya nyumba

Swali: Msomaji anayeishi Ohio, Marekani, ana nafasi ya mita 20 kwa 5 nyuma ya nyumba. Je, inatosha kujenga uwanja wa bocce, na aanzie wapi?

Jibu: Inatosha kabisa. Viwanja vya mashindano nchini Marekani hufikia takriban mita 27 kwa 4, lakini wengi wanaojenga nyumbani huchukua mita 18 kwa 3, na utamu wa mchezo huo wa Waitalia haupungui.

Kazi kubwa iko chini. Maji yakituama, baridi huyagandisha, udongo huvimba, na uwanja uliokuwa sawasawa mwezi Oktoba hufika Machi ukiwa na mabonde. Kwa hiyo mjenzi makini huchimba sentimita 20 hivi, hulaza bomba lenye matundu la kutoa maji, kisha humwaga kokoto na kuzishindilia tabaka kwa tabaka.

Kingo ni mbao nene zilizotiwa dawa, zilizofungwa imara kwa sababu zitagongwa na mipira kila siku.

Juu hutandazwa vumbi la mawe au, bora zaidi, maganda ya chaza yaliyosagwa: hushikana vizuri na kupitisha maji haraka. Hunyunyiziwa maji, husawazishwa kwa ubao mrefu ulionyooka, halafu hupitishwa rola. Pimamaji husaidia, ila mpira wenyewe ndio hakimu. Ukiviringishwa polepole ukapinda mara tatu mahali pale pale, hapo pana mteremko, na parekebishwe kabla ya kualika wageni.