SAFARI YA KWANZA NG'AMBO YA MPAKA
Somo kwa wasafiri wa Malindi na Kilifi waendao Tanga, Dar es Salaam na Unguja kwa gharama ndogo

Watu wa pwani hii hawakuanza kusafiri jana. Kumbukumbu za Wachina zaeleza kwamba mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpelekea mfalme wa Uchina zawadi ya twiga, na mwaka 1498 Vasco da Gama alipata Malindi rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Hata hivyo, wako vijana wetu ambao hupanda gari kwenda Tanga mara ya kwanza, wakarudishwa mpakani. Na wengine huvuka salama, lakini siku ya tatu hawana hata nauli ya kurudia. Aghalabu taabu hiyo haitokani na umaskini. Hutokana na kutojua mambo machache ambayo mtu angeweza kuyajua kabla hajafunga mzigo wake. Mambo hayo ndiyo somo letu la leo.

1. Hati za safari

Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza iliundwa mwaka 1967 ikavunjika mwaka 1977. Jumuiya ya sasa ilianza kazi rasmi tarehe 7 Julai 2000, na mapatano ya soko la pamoja yakaanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Kwa hiyo raia wa Kenya hahitaji kununua viza kuingia Tanzania. Lakini kutohitaji viza si sawa na kutohitaji hati, na hapo ndipo wengi wakosapo.

Tangu mwaka 2014 Mkenya aweza kuingia Uganda au Rwanda kwa kitambulisho chake cha taifa. Tanzania haimo katika mapatano hayo. Aendaye Tanga au Unguja yampasa awe na pasipoti, au hati ya muda ya kusafiria itolewayo na Idara ya Uhamiaji. Aiombe mapema, si siku ya kuondoka.

Hati ya pili ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo huanza kuhesabiwa kuwa na nguvu baada ya siku 10. Basi mtu achomwaye sindano leo na kuondoka kesho, cheti chake bado hakijakamilika. Habari njema ni kwamba tangu mwaka 2016 cheti hicho chafaa kwa maisha yote ya mwenyewe. Gharama yake ni ya mara moja tu. Kitunze pamoja na pasipoti.

Ufikapo mpakani usipite njia za panya, hata ukiambiwa na mwenyeji kwamba ni za mkato. Asiyepigwa mhuri wa kuingia huhesabiwa kuwa ameingia kwa siri, na akikamatwa mjini hana neno la kujitetea. Ukisha kupigwa mhuri, usome palepale siku ulizopewa. Tena ujue kwamba ruhusa ya kutembea si ruhusa ya kufanya kazi. Mtu yeyote akikuahidi kazi na kukutaka umwachie pasipoti yako akuwekee, mkimbie.

2. Njia na vyombo

Kutoka Malindi hadi Mombasa ni kilomita 120 hivi, na Kilifi ni karibu nusu ya njia hiyo. Zamani gari zilisubiri kivuko pale Kilifi. Tangu mwaka 1991 liko daraja. Kutoka Mombasa msafiri huvuka Likoni, ambako mwenda kwa miguu halipi kitu, kisha hushika njia ya Ukunda na Msambweni hadi Lunga Lunga, mwendo wa kilomita 100 na kitu. Ng'ambo ya Lunga Lunga ni Horohoro ya Tanzania. Toka hapo hadi Tanga mjini ni kilomita 60 na zaidi kidogo, na toka Tanga hadi Dar es Salaam ni kama 350.

Safari hii yaweza kufanywa kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni basi moja toka Mombasa hadi Dar es Salaam. Nauli yake huonekana kubwa, lakini mzigo wako unabaki mahali pamoja. Namna ya pili ni kukata safari vipande vipande: matatu hadi Likoni, matatu nyingine hadi Lunga Lunga, gari dogo hadi Tanga, kisha basi la Dar es Salaam. Namna hii yaweza kupunguza nauli, lakini ikikulazimisha kulala njiani umekwisha kuila faida yako. Kwa hiyo yamfaa zaidi yule ambaye shabaha yake ni Tanga yenyewe, au mwenye jamaa njiani. Na Wadigo wengi wanao jamaa pande zote mbili za mpaka.

Ukichagua basi moja, mwambie kondakta mapema kwamba wewe ni mgeni wa njia hiyo. Mpakani abiria wote hushuka ili kupigwa mihuri. Asiyejulikana aweza kuachwa kwenye foleni huku mzigo wake ukiendelea na safari. Tikiti nayo inunuliwe dirishani, katika ofisi ya basi, wala si mkononi mwa mpiga debe. Na saa iliyoandikwa iulizwe kwa mdomo: saa 12 ya Kiswahili ni alfajiri au machweo, lakini 12 ya Kizungu ni saa sita. Wako watu walioachwa na basi kwa ajili ya tarakimu hiyo moja.

Jifunze pia majina. Gari tuliitalo matatu, Tanzania huitwa daladala, na Uganda huitwa taksi. Tuktuk yetu ni bajaji kwao. Bodaboda ni bodaboda kila mahali, lakini patana bei kabla hujapanda. Mabasi mengi ya mikoani huko Dar es Salaam hutumia kituo kikuu cha Mbezi, kilichofunguliwa mwaka 2021. Kituo hicho ki mbali na katikati ya mji. Kwa hiyo weka akiba ya nauli ya kuingilia mjini.

3. Hesabu ya fedha

Zamani Kenya, Tanganyika, Uganda na Unguja zilitumia shilingi moja. Tangu mwaka 1966 kila nchi ilianza kutoa ya kwake. Katikati ya mwaka 2024 shilingi moja ya Kenya ilikuwa sawa na shilingi 20 hivi za Tanzania. Kiwango hubadilika, basi kiulize siku ya safari, na ukiandike katika kikaratasi. Badili fedha katika duka la fedha lenye leseni au benki. Ukibadili kwa watu wasimamao mpakani, waweza kuhesabiwa haraka na kupewa pungufu. Usistaajabu mkono ukijaa noti: elfu kumi za Tanzania si utajiri.

Hapa tutatoa mfano wa kufundishia hesabu, wala si bei ya dukani. Tuseme mtu anazo shilingi 15,000 za Kenya kwa siku sita. Kwanza atenge nauli ya kwenda na kurudi, 6,000, na ile ya kurudi aifunge mbali asiiguse. Malazi ya siku sita kwa 700 ni 4,200. Chakula cha siku sita kwa 500 ni 3,000. Jumla ni 13,200. Zabaki 1,800 za maradhi au dharura. Akiona akiba haipo, asiondoke kwa matumaini. Heri apunguze siku mbili akarudi salama.

4. Mahali pa kulala

Neno hoteli huwapoteza wageni wengi. Kwetu na kwa jirani zetu, hoteli aghalabu ni mahali pa kula tu. Ukitaka chumba cha bei nafuu, Kenya uliza lojing. Tanzania uliza gesti, au nyumba ya kulala wageni. Dar es Salaam gesti nyingi ziko Kariakoo na Kisutu, na ziko pia hosteli za YMCA na YWCA. Unguja mjini, mtaa wa karibu na bandari huitwa Malindi. Hivyo Mmalindi ataona jina la kwao likimkaribisha.

Kabla hujalipa fanya mambo haya matano. Omba kuonyeshwa chumba chenyewe, si cha jirani. Jaribu kitasa kwa ndani. Tazama kama kipo chandarua kizima, maana malaria moja hula akiba yote. Uliza kama maji yapo, na saa ya kutoka kesho yake. Mwisho, uliza bei ni ya usiku mzima. Ziko nyumba zikodishazo chumba kwa saa, nazo hazimfai mtu mwenye watoto wala atakaye usingizi. Kisha andikisha jina lako katika kitabu cha wageni na uchukue risiti.

Nyumba zilizo mlangoni mwa stendi huwa na kelele. Tembea mitaa miwili mitatu, aghalabu utapata utulivu kwa bei ileile. Panga safari ufike mchana. Afikaye usiku hana nafasi ya kuchagua, na asiye na nafasi ya kuchagua hulipa aambiwalo.

Ukiwa na jamaa wa kukupokea, mpelekee habari mapema na usiende mikono mitupu. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

5. Mzigo na adabu

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania tarehe 1 Juni 2019, chukua kikapu. Jambo zito zaidi ni miraa na muguka. Tanzania huziita mirungi, nazo huhesabiwa miongoni mwa dawa za kulevya. Kishada ambacho Kenya ni biashara, Horohoro ni kesi ya jinai. Wala usikubali kumbebea mtu mzigo ambao hukuufungua.

Kumbuka shikamoo kwa mkubwa wako. Unguja vaa nguo za heshima, na mwezi wa Ramadhani usile barabarani mchana.

6. Bahari

Toka Dar es Salaam hadi Unguja boti za kasi huchukua kama saa mbili. Tafuta unafuu kokote, ila si katika usalama wa chombo. Kivuko cha Mtongwe kilipopinduka tarehe 29 Aprili 1994, zaidi ya watu 270 walikufa hapo karibu na nchi kavu. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba, nayo ilikuwa imepakia kupita kiasi. Mamia ya watu walipotea. Ukiona chombo kimejaa hata watu hawana pa kusimama, shuka. Tikiti iliyopotea hununuliwa tena.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kitambulisho cha Kenya chatosha kwenda Kampala, lakini hakitoshi kwenda Tanga?
2. Mtu aliyechanjwa siku tatu zilizopita ataka kuvuka leo. Utamshauri nini?
3. Safari ya vipande yaweza kuwa ghali kuliko basi moja kwa sababu gani?
4. Mtu ana shilingi 12,000 kwa siku nne. Nauli ni ileile ya mfano wetu. Fanya hesabu uone akiba yake itakuwa ngapi.

Msomaji awezaye kuyajibu haya bila kutazama juu, na afunge mzigo wake. Safari njema.