Kinga ya Joto ya Bomba la Moshi katika Magari ya Kujiundia

Gari la kujiundia, yaani gari ambalo mtu hulikusanya mwenyewe kutokana na chesisi, injini na vipuri vilivyonunuliwa vipandevipande, haliruhusiwi kuingia katika barabara za Uingereza kabla ya kupita ukaguzi unaojulikana kwa kifupi kama IVA, ambao mwaka 2009 ulichukua nafasi ya ule wa awali, SVA, ulioanza mwaka 1998. Mengi kati ya magari hayo ni ya nasaba ya Lotus Seven, kigari chepesi cha Colin Chapman kilichotoka mwaka 1957 na ambacho tangu 1973 kimeendelea kutengenezwa na Caterham. Kwa kuwa kigari hicho kimekaa chini mno na hakina nafasi ya kutosha chini ya sakafu, bomba lake la moshi, ambalo mafundi wa Afrika Mashariki hulijua zaidi kwa jina la ekzosi, kwa kawaida hutokeza ubavuni na kufuata ubavu huo kuelekea gurudumu la nyuma, likipita palepale mguu unapopitishwa na mtu anayeingia au kutoka. Aliyewahi kushuka kwenye bodaboda kwa upande wa ekzosi hahitaji kuelezwa zaidi.

Moshi wa injini ya petroli iliyolemewa na kazi huweza kutoka ukiwa na nyuzi zaidi ya 800 za selsiasi, na sehemu kubwa ya joto linalotoka kwenye bomba lililopata moto kiasi hicho husafiri kwa mnururisho, yaani bila kuhitaji kugusana, kama joto la jua linavyomfikia mtu aliyesimama uwanjani. Nguvu ya mnururisho huongezeka kwa kipeo cha nne cha halijoto inayohesabiwa kuanzia sifuri halisi, na ndiyo maana bomba lenye nyuzi 600 hutoa mnururisho zaidi ya mara 5 ya bomba lenye nyuzi 300. Kinga ya joto ni bati linalosimama kati ya bomba na kile kinacholindwa, likirudisha sehemu ya mnururisho huo na kuiachia hewa kazi ya kuondoa joto lililobaki.

Kwa hiyo kinachokinga hasa ni nafasi, wala si bati. Wajenzi wengi huhangaikia aina ya madini na mng'aro wake, kisha hulibana bati karibu kabisa na bomba, na matokeo yake ni kwamba bati lenyewe hugeuka bomba la pili. Nafasi ya milimita 15 hadi 20, iliyo wazi chini ili hewa baridi iingie na wazi juu ili hewa ya moto ipande, hufanya kazi kubwa kuliko unene wowote wa chuma. Pale ambapo mguu utagusa, chuma cha pua hufaa kuliko alumini, kwa sababu hupitisha joto kwa shida, na joto linalopenya kutoka kwenye vishikizo halisambai haraka mpaka kwenye uso wa nje. Alumini, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 660, ifungwe kwenye bodi, mbali na bomba.

Ufungaji nao una hesabu yake. Bomba la chuma cha pua lenye urefu wa mita 1, likiongezewa nyuzi 500 za joto, hurefuka kwa zaidi ya milimita 8, na kinga iliyokazwa kwa bolti pande zote mbili bila nafasi ya kuteleza hupasuka kwenye vishikizo. Tundu la bolti upande mmoja hutobolewa liwe refu, mfano wa yai, ili bomba lipumue na bati libaki mahali pake.

Kingo ndizo huwashangaza wengi siku ya ukaguzi. Sehemu ya nje inayoweza kuguswa na tufe la milimita 100, ambalo ndilo kipimo cha mkaguzi, kwa kawaida hutakiwa kuwa na kingo zenye nusu kipenyo kisichopungua milimita 2.5, na bati la milimita 1 haliwezi kufikishwa huko kwa tupa hata likisuguliwa siku nzima. Mpira wa kuvisha kingo, ambao ni dawa ya haraka kwingineko kwenye gari, hapa huyeyuka na kunuka. Njia iliyo sahihi ni kuukunja ukingo wa bati kuzunguka waya wa milimita 4, ili nusu kipenyo cha nje kifike milimita 3.

Ndani ya boneti hatari haionekani kwa urahisi. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 230, lakini yakishanyonya unyevu kiwango chake cha chini hushuka hadi 155, na mrija uliopitishwa karibu na manifoldi bila kinga huweza kutoa mapovu ya mvuke, pedali ikazama bila gari kupunguza mwendo. Kulifunga bomba kwa bandeji ya nyuzi za kioo ni jawabu linalopendwa, ila bandeji hiyo hushika unyevu na kuficha nyufa. Bati lenye nafasi hukaguliwa kwa macho, bandeji haikaguliki.

Wapo wanaoivua kinga mara tu cheti kinapopatikana, kwa madai kwamba inaharibu sura ya gari. Iachwe. Baada ya safari chache za kwanza, injini ikiwa imepoa kabisa, bolti zake zote zikazwe upya, na kinga inayocheza kwa kusukumwa na kidole irudishwe karakana kabla gari halijawashwa tena.