SOMO LA AFYA: KUKU NA MAYAI KATIKA SUFURIA MOJA



Hapa Onduparaka na kule Koboko, kuku wa kienyeji akichinjwa, mara nyingi tunaongeza mayai ili chakula kitoshe. Si sisi peke yetu. Waethiopia hutia mayai ya kuchemsha katika mchuzi wa kuku uitwao doro wat, na Wamoroko humimina mayai yaliyopigwa juu ya kuku aliyeiva. Ni chakula kizuri, lakini kuku na mayai vyaweza kubeba vijidudu vya salmonela, vinavyoleta homa, kutapika na kuhara.

Chinja kuku mzima tu. Akizubaa, akikohoa au akifa mwenyewe, usimle. Najua inauma kumzika kuku, lakini mzike, kisha mwarifu daktari wa mifugo. Mayai yatie katika maji baridi: linaloelea ni la zamani, liache, na lenye ufa pia.

Nawa mikono kwa sabuni ukimaliza kumkata kuku. Osha kisu na ubao kabla ya kukatia nyanya.

Kuku mzee huchukua hata saa mbili motoni. Kuni na makaa ni ghali, ndiyo maana wengine huepua mapema. Afadhali umkate vipande vidogo na ufunike sufuria. Toboa paja karibu na mfupa: yakitoka maji mekundu, bado. Tia kitunguu, nyanya na chumvi. Karanga iliyosagwa itie mwishoni, ukikoroga isiungue. Mayai yachemshe peke yake dakika 10 tangu maji yanapochemka, yamenye, yatie katika mchuzi. Ukipenda namna ya Wamoroko, funika sufuria mpaka ute na kiini vigande kabisa.

Sasa tuje kwenye kugawa, maana hapo ndipo penye shida. Katika nyumba nyingi baba hupewa paja na firigisi, watoto mchuzi. Zamani huko Buganda wanawake walikatazwa kabisa kuku na mayai. Hata leo mama mjamzito huambiwa akila yai atazaa mtoto asiye na nywele. Si kweli. Yai moja lina karibu gramu 6 za protini, na mjamzito anazihitaji kuliko sisi wengine. Mtoto aliyetimiza miezi 6 apewe yai lililoiva vizuri, limepondwa, na nyama iliyokatwakatwa sana. Akina baba, mwekeeni mtoto sahani yake kabla hamjaanza kula.

Chakula kikibaki, kifunike, na kabla ya kukila tena kichemshe mpaka kitokote. Kikilala usiku kucha kwenye joto, kitupe.

Mtoto akiharisha, mpe maji ya chumvichumvi ya ORS, endelea kumnyonyesha, umpeleke kituo cha afya akapewe na vidonge vya zinki. Akiwa na damu katika choo, macho yameingia ndani au anashindwa kunywa, usingoje asubuhi.