Nishati Safi na Haki ya Mwanamke: Somo kwa Kamati za Parokia

Somo: Hesabu 27:1–11



Mwezi Mei 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia. Lengo ni asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Ni habari njema. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Anayevuta moshi huo zaidi ni mama aliye jikoni, na mtoto aliye mgongoni mwake.

Lakini je, jiko jipya peke yake linaleta haki? Tuangalie mambo matatu.

Kwanza, uamuzi. Mama ndiye apikaye, ila fedha za gesi mara nyingi zimo mfukoni mwa baba. Mtungi ukiisha naye hajatoa fedha, mama anarudi kwenye kuni.

Pili, riziki. Wako akina mama wanaosomesha watoto kwa kuuza mkaa wa rejareja. Mkaa ukiachwa, hao wafikiriwe kwanza katika mikopo na uwakala wa gesi, majiko banifu na sola.

Tatu, ardhi. Mitambo mikubwa ya umeme wa jua na upepo huhitaji maeneo, na mke asiyeandikwa kwenye hati anaweza kupitwa na fidia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila zinazomnyima mwanamke ardhi, na inataka wajumbe 3 kati ya 7 wa Baraza la Ardhi la Kijiji wawe wanawake. Tuitumie.

Binti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa na wakuu, wakadai urithi wa baba yao. Walisikilizwa, na sheria ikabadilika. Haki yao ilianzia barazani.

Maswali ya kujadili:

1. Katika kamati yetu, ni wanawake wangapi wanaoshika uenyekiti au uwekahazina?
2. Katika mradi wetu wa majiko au sola, nani alichagua aina ya kifaa, na nani anatunza fedha?
3. Je, hati za mashamba yetu zina majina ya mume na mke?

Nanyi wafadhili, msiulize tu majiko mangapi yamegawiwa. Ulizeni mangapi yanatumika baada ya mwaka mmoja.