Fildi ya uandishi wa habari: nenda redio ndogo

Kila mwaka ukikaribia mwezi wa saba, wadogo zangu walioko vyuo vya habari huniuliza watapataje nafasi ya fildi kwenye televisheni kubwa za Dar es Salaam. Jibu langu halijabadilika: tafuta redio ndogo ya wilaya au ya jamii, yenye watangazaji wachache na kazi nyingi. Kwenye chumba kikubwa cha habari unaweza kumaliza wiki zote ukimfuata mwandishi aliyeajiriwa, umembebea stendi ya kamera. Nilikofanyia mimi, redio moja ya Kanda ya Ziwa, wiki ya kwanza haikuisha kabla sauti yangu haijaenda hewani.

Barua ya chuo ipeleke mwenyewe, mapema, uonane na mhariri. Ukimwambia unataka kujifunza, hilo analisikia kila siku. Mwambie unataka kufuatilia bei ya samaki na dagaa, atavuta kiti akusikilize.

Kisha chagua mahali pamoja upajue vizuri. Mimi nilichagua soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Siku za mwanzo nilikunywa chai na wapakuzi, nikasalimia, nikauliza bila kuwasha kinasa sauti. Nilipotaka kujua kwa nini bei ya dagaa hupanda na kushuka ndani ya mwezi mmoja, mama mmoja muuzaji aliniambia, "Mwanangu, angalia mbalamwezi kwanza." Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Kipindi cha giza taa huwavuta. Mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu, mitumbwi mingi hupumzika, mzigo hupungua sokoni na bei hupanda. Nikaandaa kipindi kifupi kikatoka siku chache kabla ya mwezi mpevu, wakati msikilizaji bado anaweza kununua kwa nafuu. Habari ya namna hiyo huipati kwenye mkutano na waandishi wa habari. Unaipata kwa kurudi palepale mpaka watu wakuzoee.

Ukirekodi mwaloni, upe mgongo upepo wa ziwa, usogeze kinasa sauti karibu na mdomo wa anayeongea. Mkimaliza, usikizime. Rekodi mazingira peke yake kwa dakika moja: injini, wachuuzi, magunia yanayotua chini. Sauti hiyo ndiyo itakayoziba viungo unapounganisha vipande. Kwa kuhariri tumia Audacity. Ni ya bure, na kompyuta ya kawaida inaimudu.

Sasa suala la pesa, maana hapa ndipo wengi wanapoumia. Redio nyingi ndogo hazilipi mwanafunzi. Kama una mkopo wa HESLB, fuatilia mapema fungu la mafunzo kwa vitendo, na umuulize mhariri waziwazi kuhusu nauli. Usipojipanga, bahasha ya kwanza utakayopewa baada ya mkutano itaonekana kama msaada. Irudishe kwa adabu: "Asante mheshimiwa, ofisi yetu hairuhusu." Naamini hili kwa moyo wote. Aliyekulipia nauli atapiga simu jioni kuuliza habari yake imeandikwaje, na msikilizaji aliyekuamini hatajua kwamba umeulizwa.

Tembea na barua yako ya utambulisho. Tangu Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ilipoweka suala la ithibati, maofisa wengi huuliza wewe ni nani kabla ya kujibu swali lolote.

Jaza logbuku siku hiyohiyo, kwa kitendo: nilirekodi, nilihariri, nilisoma habari ya saa saba. Kila kazi inaporushwa, omba nakala ukaiandike tarehe. Ukienda kuomba ajira, mhariri atasikiliza dakika chache tu, kwa hiyo tanguliza kazi yenye sauti za watu wa sokoni. Uliyoisoma studio ifuate.